Mwaka wa Wambui Wawili

Rispah amekufa, na watu ambao hawakumpigia simu hata mara moja tangu aache kazi wanaandika kwenye kundi la simu kwamba alikuwa mama yao. Nilisoma jumbe hizo nikiwa nimesimama jikoni hadi uji wa mtoto ukachemka na kumwagika juu ya jiko. Mmoja ameweka mishumaa kumi na mbili. Mwingine ameandika kwamba Rispah ndiye aliyemfundisha kompyuta, na huyo ninamjua, hajui hata leo kuhifadhi faili mahali atakapoipata. Mimi sijaandika kitu. Nimekaa na hasira yangu siku mbili, nikaona heri niitoe hapa, kirefu, kwa sababu kila nikifikiria Rispah ninafikiria wiki moja ya Julai, na kila nikifikiria wiki hiyo ninataka kupiga kitu. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walifanya nini, haisaidii hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne chenye C tupu, mtoto wa miezi tisa, na kazi ya mapokezi katika kliniki ya masikio ya watoto huko Westlands. Watu huniuliza siku hizi, ukikwama na kompyuta si utafute tu msaada, kila kitu kiko humo. Wakisema hivyo ninawaangalia tu.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Dirisha langu liliangalia baa ambayo asubuhi ilikuwa inaoshwa viti, na harufu ya sabuni na bia ya jana ilipanda hadi kwetu kabla ya wagonjwa kufika. Ndani kulikuwa na zulia la kijani, viti vidogo vya watoto, na mlango mzito wa chumba cha kupimia. Chumba chenyewe kilikuwa kimevalishwa sifongo kuta zote, kimya kiasi kwamba ukiingia unasikia damu yako. Mtoto aliketi humo mapajani kwa mamake, sauti ikatolewa upande mmoja, na akigeuka tumbili wa plastiki akawaka taa na kupiga ngoma. Asiyesikia hakugeuka, kwa hiyo hakuwahi kumwona tumbili akicheza. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni, mwanangu akageuka kwa kijiko kilichoanguka, kwa mlango wa jirani, kwa mbwa wa mbali, na nilijua jambo ambalo akina mama wengi hawalazimiki kulijua, kwamba kule kugeuka ni kitu ambacho mtoto anaweza kunyimwa.

Rispah Nafula alikuwa mkuu wa rekodi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mama wa Bungoma aliyekaa Nairobi miaka mingi bila kuacha kusema kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Kabla ya Januari ya mwaka ule alitawala mafaili ya karatasi, na ukimtajia jina la mtoto angekwambia rafu, rangi ya jalada na kama mama yake ni mtu wa kuchelewa. Januari wakaleta mfumo mpya wa kompyuta. Mafaili yakawekwa kwenye masanduku, yakapelekwa kwenye stoo ambayo hakuna aliyetuonyesha ufunguo wake. Kijana wa kampuni, suruali imembana kama soksi, alitufundisha asubuhi moja tu. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Mwisho alituonyesha sanduku dogo jeupe pembeni juu, mahali pa kutafutia msaada. "Mkikwama, msinipigie," alisema akicheka. "Andikeni hapa. Majibu yote yako humu." Rispah akamuuliza, "Na wewe ukikwama unaandika wapi?" Akacheka tena, akaendelea kukunja nyaya zake.

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza bila kujipaka mafuta. Jumatatu hiyo ya Julai Rispah hakuwepo. Kaka yake alikuwa amefariki na alikuwa nyumbani kwao kumzika. Meneja, Bwana Mureithi, alikuja mezani kwangu na kikombe chake cha kahawa. "Sharon, mfumo unasema tuna mafaili mengi yaliyojirudia. Yamalize leo. Yanatuaibisha." Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mfumo unaweka mafaili mawili bega kwa bega, unapaka manjano mahali yanapotofautiana, na chini kuna kitufe cha kuyaunganisha. Nilifanya kumi, nikafanya ishirini. Saa nne na dakika arobaini nikamfikia Faith Wambui Kariuki wa Mutuini, na kando yake Faith Wambui Kariuki wa Mutuini. Nambari ya simu ilikuwa moja. Mwaka wa kuzaliwa mmoja. Mwezi tu ndio ulikuwa wa manjano, huku Machi, huku Mei. Nikasema moyoni, karani aliyenitangulia hakuwa anasikiliza. Nikabonyeza.

Mtu yeyote wa Nairobi angejua. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na ndugu wawili wakizaa mabinti, mabinti wote wawili wanakuwa nyanya yao, wakati mwingine hadi jina la ubatizo. Darasani kwetu kulikuwa na binamu wawili walioitwa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwalimu aliwaita Wa Juu na Wa Chini kwa sababu ya nyumba zao kilimani. Mimi nilicheka nao. Nilikula nao. Halafu skrini ikaniambia kwamba hawa wawili ni mmoja, nikaiamini skrini.

Na Wambui nilimjua! Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alikuja na Cucu, nyanya yake, mama mrefu wa leso ya zambarau, na kila mara alikuja moja kwa moja kwenye mashine yangu ya kuchapisha na kuweka kiganja juu yake ili aisikie ikitetemeka. Hakusikia chochote, sikio la kulia wala la kushoto. Alikuwa amepimwa mara tatu, na alikuwa kwenye orodha ya jopo la madaktari wanaopandikiza kifaa ndani ya sikio. Jopo lilikuja mara moja kwa mwaka. Binamu yake, yule Wambui mwingine, aliletwa mara moja tu mwezi Juni na nta masikioni, akasafishwa, akapimwa, akamchezesha tumbili hadi betri ikaisha.

Jumanne asubuhi mwanamke wa ofisi ya jopo alipiga simu. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyelala vizuri. "Dada, huyu mtoto Wambui Kariuki tumemwondoa. Mfumo wenu unaonyesha anasikia vizuri." Nikamwambia haiwezekani. "Fungua uone." Nikafungua. Ile mistari mitatu iliyokuwa imelala chini kabisa ya grafu, miezi yote ile ya kumbeba mtoto kutoka Mutuini, haikuwepo. Ulibaki mstari mmoja juu, umenyooka kama kamba ya nguo. Wa binamu. "Kama ni kosa rekebisheni," alisema. "Orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Lazima vipimo vitatu vionekane ndani ya mfumo, siwezi kupokea barua." Mtaalamu aliyempima alikuwa ameshahamia ng'ambo. Kumpima upya mara tatu ni kazi ya miezi. Njia ilikuwa moja tu, kuyatenganisha mafaili niliyoyaunganisha, na nilikuwa na siku tatu na asubuhi moja.

Nilimwambia Bwana Mureithi. Sikuficha. Alikuwa anafunga begi kwenda semina. "Sharon, si kuna msaada mle ndani? Tumeulipia. Tafuta." Nikapiga simu kwa kampuni ya mfumo. Mashine ikanijibu kwamba wateja wengi hupata jibu haraka zaidi kwenye sanduku la msaada, ikanipigia muziki, ikakata. Basi nikakaa, nikavuta kiti, nikaandika. Niliandika kwa Kiingereza, kama tulivyofundishwa kuandika barua. Nilisalimu. Nilisema tafadhali naomba msaada, jina langu ni Sharon wa mapokezi, siku ya Jumatatu niliunganisha kwa bahati mbaya mafaili ya watoto wawili wenye jina moja na sasa ninaomba kuyatenganisha. Nikabonyeza, nikangoja kama mtu aliyebisha hodi. Zikaja kurasa mamia. Ya kwanza ilieleza jinsi ya kufunga kliniki siku za Jumatatu. Ya pili ilikuwa ya kubadilisha jina la mtumiaji. Ya tatu, punguzo la bei kwa watoto. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na swali, je, ukurasa huu umekusaidia? Nikabonyeza Hapana. Ikaandika, asante kwa maoni yako! Na alama ya mshangao.

Niliondoa salamu. Niliondoa jina langu. Niliandika "kosa" na ikaniletea orodha ya makosa ya mashine, kila moja na nambari yake, kama mashtaka. Niliandika "mafaili ya watoto wawili" na ikanifundisha kusajili pacha. Nilipoandika "unganisha" ilifurahi, ikanipa ukurasa mrefu wenye picha na mishale, jinsi ya kuunganisha, faida za kuunganisha, jinsi ya kuunganisha mafaili hamsini kwa pamoja. Wa kutenganisha haukuwepo. Simu zilikuwa zinalia, akina mama walikuwa wanasimama mbele yangu na watoto mgongoni, ninawaandikisha kwa mkono mmoja. Mama mmoja aliniambia, "Auntie, mbona unaichapa hivyo hiyo kompyuta, imekukosea nini?" Nikamwambia, "Imenikosea." Akasema, "Basi usiiachie." Hiyo ndiyo huruma pekee niliyopata siku hiyo.

Chakula cha mchana Jumatano nilikula nyuma ya jengo, kwenye kibanda cha mabati ambako watu wa ofisi na wa mjengo hukaa benchi moja. Chapati na maharagwe. Wanaume wawili wenye saruji kwenye kope walikuwa wanabishana juu ya kifaa kilichopotea kwenye ghorofa wanayojenga Kileleshwa. "Nimetafuta kila mahali." "Umetafuta mahali ungeweka wewe. Wewe si fundi. Fundi angeweka wapi?" "Mimi nitajuaje kichwa ya fundi?" "Ndio maana hupati, boss." Walicheka, wakaongeza chai. Mimi niliacha chapati nusu. Nilipanda ngazi nikikimbia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Tangu jana nilikuwa ninaliambia sanduku shida yangu, na sanduku halijui shida yangu. Linajua tu maneno ya yule aliyeandika kurasa. Yeye hasemi watoto, hasemi kosa, hasemi bahati mbaya. Nikafungua ule ukurasa wa kuunganisha, nikausoma wote taratibu, nikaandika kwenye karatasi maneno yake mwenyewe, anaiitaje faili, anamwitaje mgonjwa, anakuitaje kurudisha kitu nyuma. Nikachagua mawili tu. Nikayafungia ndani ya alama za kunukuu ili yaje pamoja. Nikaondoa tiki kwenye kijisanduku kilichokuwa kinatafuta vichwa vya habari peke yake. Hakuna aliyenifundisha. Saa nane kasorobo, Jumatano, niliandika maneno mawili ambayo mpaka leo ninaona yalikuwa sahihi kabisa, nikabonyeza.

Hakuna matokeo. Jaribu maneno mengine.

Nami nikajaribu maneno mengine. Huo ndio ujinga ninaoulaani. Nilijaribu maneno mengine Jumatano yote na Alhamisi yote. Niliazima kamusi ya Kiingereza kwa mlinzi wa chini, aliyekuwa anasomea mtihani. Niliogopa Kiingereza changu, nikaogopa C yangu, nikasema msichana wa chuo kikuu angekuwa amepata. Jioni niliteremka Mutuini, ambako nilikuwa nimepanga chumba kimoja katika zile nyumba mpya za mawe, katikati ya mashamba ya mahindi na sukuma, na siku hiyo ya Jumatano nilikuwa nimeona kwenye faili mahali Cucu anapoishi. Ni karibu na kwangu, dakika kumi kwa miguu, lango la kijani baada ya kanisa. Nilikuwa nalipita kila siku. Jumatano nililipita. Alhamisi nikapita upande wa pili wa barabara, mtoto amelala mgongoni, na nilisikia watu wakiimba ndani, nikajiambia wana wageni. Nilitaka kwanza nilirekebishe, ndipo nibishe. Kila mtu aliyeharibu kitu cha mwenzake anajua hesabu hiyo.

Na Rispah? Bila shaka nilimfikiria. Nilikuwa na nambari yake. Lakini mtu anayezika ndugu yake humpigii simu ya ofisi. Hata wewe hungepiga. Tulikuwa tumechanga, tumetuma salamu za pole, na baada ya hapo unamwachia mtu msiba wake. Nilishika simu Jumatano, nikaona kwa mawazo yangu hema, mabenchi, wanawake wakilia, na yeye akisimama kando kusikiliza mambo ya vitufe. Nikairudisha mfukoni. Nilidhani hiyo ni heshima.

Alifika Ijumaa saa mbili kasorobo, moja kwa moja kutoka basi la usiku, vumbi la nyumbani bado kwenye viatu, kitambaa kichwani. Alinitazama mara moja. "Wewe hujalala. Mtoto mgonjwa?" Nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakuketi kwenye kiti chake vizuri, alikalia ukingo, akaingia kwenye mfumo kwa jina lake, akalisogelea sanduku. "Umeandika nini?" Nikamwonyesha karatasi yangu, orodha ndefu, na yale mawili niliyokuwa nimeyazungushia kalamu kisha nikayakata. Akayaandika hayo hayo mawili, na alama za kunukuu. Akabonyeza.

Ukaja ukurasa. Wa kwanza kabisa. Jinsi ya kutenganisha mafaili yaliyounganishwa.

Nilisema, "Hapana. Hapana, hiyo niliandika. Niliandika hivyo hivyo." Rispah akatoka kwenye jina lake, akaniambia niingie kwa langu. Nikaandika tena. Hakuna matokeo, jaribu maneno mengine. Akaingia kwa lake, ukurasa huo hapo. Tukaelewa wote wawili kwa pamoja. Sanduku lilikuwa linaangalia aliyeingia ni nani. Kurasa za wakubwa zilifunguka kwa wakubwa tu. Mtu wa mapokezi akitafuta, halimwambii huruhusiwi, nenda kamwite mkubwa wako. Linamwambia hakuna. Linamwambia atafute maneno bora zaidi. Nimefikiria jambo hilo miaka mitano, nikinyonyesha, nikifua, nikipanga foleni, na bado sijapata neno la kumwita mtu aliyeamua kwamba mashine iseme hivyo. Siku mbili nzima nilijiona mjinga mbele ya mlango uliokuwa umefungwa kwa ndani.

"Soma," Rispah akasema, kwa sababu hakuwa na miwani. Nikasoma. Kutenganisha kunawezekana ndani ya saa sabini na mbili tangu kuunganishwa. Baada ya hapo, kampuni hurejesha kutoka kwenye nakala ya akiba, kwa siku kumi za kazi. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Jumatatu saa nne na dakika arobaini. Alhamisi saa nne na dakika arobaini. Jana. Jana saa hiyo nilikuwa naandika kwenye sanduku, ninakumbuka hata neno, nilikuwa nimefika herufi S kwenye kamusi ya mlinzi.

"Ungenipigia," Rispah alisema.

"Ulikuwa unazika."

"Ningechukua simu kaburini, Sharon. Ningesema subirini, nyinyi na udongo wenu." Alivua kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Jumatano nilikuwa nimekaa tu. Mchana wote. Nimekaa na mashemeji, tunaangalia kuku."

Tulijaribu. Alipigia jopo simu, akaomba, akafoka, akaomba tena kwa sauti ya kanisani. Mwanamke mwenye sauti nzuri alisema anaelewa kabisa na hawezi kabisa. Bwana Mureithi alipatikana saa tano na nusu, akasema tusiiambie familia kitu, atawapigia mwenyewe Jumatatu, kwa lugha nzuri. Saa sita ilipofika hakuna kilicholia wala kuanguka. Mama mmoja alikuja mezani akaniuliza choo kiko wapi.

Sikungoja lugha nzuri ya Jumatatu. Jumamosi nilimwachia jirani mtoto, nikavaa sketi yangu ya heshima, nikabisha lango la kijani. Lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na hema jeupe linasimamishwa, masufuria makubwa ya kukodi, mbuzi wawili wamefungwa kwenye mparachichi, na wanawake sita au saba wameketi duara wakimenya viazi. Nilidhani ni harusi. Cucu aliniona kabla sijasema hodi. "Si huyu ni yule msichana wa kliniki! Wa mashine! Haiya, karibu, karibu, nani amekwambia?" Akanishika mikono yote miwili. Wanawake wakasogea. "Mpeni kiti cha pasta." "Cha pasta ni cha kesho." "Leo ni chake, pasta hajampima mtoto." "Na mbona amekonda hivi, hiyo kliniki haiwapi chakula?" Chai ikaja, nzito, na viazi vitamu kwenye sahani yenye maua. Mmoja akaniambia nile, kesho nitahitaji nguvu ya kucheza.

"Kesho kuna nini, Cucu?" nikauliza.

Alitoa simu kutoka ndani ya blauzi, imefungwa kwa leso, akaifungua taratibu akanipa nisome, ingawa ilionekana kila mtu pale ameshaisoma. Ilikuwa imetoka kwetu, Jumatatu jioni. Mfumo uliutuma wenyewe. Matokeo ya Faith Wambui Kariuki ni ya kawaida. Hakuna haja ya kurudi kliniki. Asante. "Tumeomba miaka mitatu," Cucu alisema. "Kesho ni shukrani. Kanisa lote linakuja hapa baada ya ibada. Na wewe Mungu amekuleta mwenyewe, utasimama mbele utoe ushuhuda."

"Cucu, naomba tuongee ndani."

"Ongea hapa. Hawa ni wa nyumba."

Nikaongea hapo. Nilimwambia kuna Wambui wawili na mimi niliwafanya mmoja. Nilimwambia ujumbe ule ulikuwa wa yule mwingine, binti wa mwanawe Karanja, yule wa nta. Sikutaja sanduku, sikutaja paswadi ya mkubwa, sikutaja saa sabini na mbili. Nilikuwa nimepanga kueleza yote hayo, njia nzima nilikuwa nikiyapanga, na nilipofika pale niliona hakuna hata moja ambalo lilikuwa lao. Visu vilinyamaza, isipokuwa kimoja, cha mama mzee aliyeendelea kumenya kiazi hicho hicho hadi kikawa kama yai la kwale.

"Kwa hivyo hasikii," Cucu alisema.

"Hasikii, Cucu."

"Na ile orodha?"

"Imefungwa jana. Mpaka mwaka ujao."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alirudisha simu ndani ya leso, akaifunga fundo, akaangalia hema. Aliyesimama ni Ciru, mama yake Wambui, msichana wa rika langu, labda mdogo kwangu, aliyekuwa akiosha viazi kando ya beseni. Mikono ilikuwa na wanga wa viazi hadi kwenye viwiko.

"Jumatano nilimchapa," alisema.

Mmoja akamwambia, "Ciru, wacha."

"Nilimwita atoke kwa maji. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hageuki. Nikasema sasa haya ni madharau, daktari amesema unasikia. Nikamchapa na mwiko. Alhamisi pia. Jana nilimnyima chai mpaka aitike." Alikuwa ananiambia mimi, peke yangu, kama watu wawili wanaokutana sokoni. "Nilikuwa namwambia, jifanye tu. Jifanye hunisikii. Mimi ninajua unanisikia."

Kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Alirudi akimvuta Wambui kwa mkono, gauni jipya la manjano limejaribiwa kwa ajili ya kesho na bado lina lebo ya dukani shingoni. Akamsimamisha mbele ya magoti yangu, akamwachilia, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwambie," Ciru alisema. "Mwambie wewe kwa nini mama alimchapa."

Wambui hakunitazama machoni. Aliutazama mdomo wangu, kwa makini, na mimi nikaufungua.